Mji Kasoro Bahari, na sisi tunaishia Msamvu

Wadau, juzi rafiki yangu kanitumia picha za Japani: maporomoko, mahekalu, watu wanatembea msituni kimya. Wenyewe wanaita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, na idara yao ya misitu ndiyo iliyoanza kuipigia debe mwaka 1982. Akaniuliza, "Hivi Bongo hatuna kitu kama hiki?"

Nilicheka sana. Huyu ni mtu wa Dar ambaye Morogoro anaijua kwa stendi ya Msamvu tu. Basi likisimama anachimba dawa, ananunua maji, safari inaendelea. Na tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme, wala jam ya Kibaha haimhusu.

Jumamosi nikapanda Morningside kwa miguu. Ni nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, juu ya mji, kwenye Uluguru. Njiani unapishana na akina mama wa Kiluguru wanateremka na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni. Wao hata hawahemi, mimi ulimi nje. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na mlima." (Nadhani alikuwa ananicheka.)

Juu kuna baridi, ukungu na sauti ya maji. Nilikaa saa nzima bila kugusa simu. Kisha wakaja vijana wenzetu na spika kubwa, na huo ukawa mwisho wa kuoga msitu. Jamani, muziki si tunao Sinza kila siku?

Kijana aliyeniongoza aliniambia kuna wikiendi hapati mgeni hata mmoja. Hapo ndipo kiini cha hoja yangu. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, na kuna ndege, aina ya kipwe, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mto Ruvu, unaotunywesha Dar, unapata maji yake mengi kwenye milima hii. Kwa hiyo Mluguru anaambiwa asikate mti, asisogeze shamba juu, ili mimi nioge Kinondoni. Sawa, lakini yeye anapata nini?

Elfu kumi niliyompa yule kijana, na ndizi nilizonunua kwa mama wakati wa kushuka, ndiyo malipo pekee ya maji niliyowahi kuyafikisha mlimani. Bili nyingine zote naishia kulipa mjini.

Mwezi ujao narudi, nataka kufika kilele cha Lupanga. Rafiki yangu nimeshamwambia spika abaki nayo nyumbani.