Shamba Peke Yake Si Ukombozi



Viwandani na katika mashamba makubwa wengi wetu tuna neno moja: "Nikipata kashamba kangu, kuajiriwa basi." Wenye wazo hilo ningependa waitazame sinema ya Kimarekani iitwayo Minari, ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na Lee Isaac Chung. Walioisifu wamesema ni hadithi ya mapenzi ya jamaa. Mimi nasema ni hadithi ya kazi.

Jacob na mkewe Monica ni Wakorea waliohamia Marekani. Katika miaka ya 1980 wanatoka California kwenda mashambani Arkansas pamoja na watoto wawili, na kukaa katika nyumba ya magurudumu. Mchana wako katika kiwanda cha kutotoa vifaranga, wakitenga majike na madume. Madume huteketezwa, moshi ukaonekana juu ya bomba. Jacob anamweleza mwanawe, David, kuwa dume halitagi wala halina ladha, kwa hiyo nao wawili wajitahidi kuwa na manufaa. Hilo, ndugu zangu, ni somo la tajiri kinywani mwa mfanyakazi: kwamba asiyezalisha faida hana haki ya kuishi.

Je, shamba linamkomboa? Mshahara wa vifaranga ndio unaolilisha shamba. Kisima alichochimba kinakauka, hata maji ya nyumbani yanakatika. Mboga zikiwa tayari, mnunuzi wa Dallas anavunja ahadi. Jacob amemkimbia msimamizi, akaangukia mikononi mwa mnunuzi.

Wako watakaosema Monica hana subira. La hasha! Naye anafanya kazi ile ile kiwandani, na David ana ugonjwa wa moyo, hospitali iko mbali. Na alichokikuta huko sicho alichoahidiwa. Sisi tunaolalamika kwamba mwajiri hukata shauri bila kutuuliza, tusiwe waajiri majumbani mwetu.

Anayeshika jembe pamoja na Jacob ni Paul, mzungu maskini aliyepigana vita vya Korea. Naye bibi mzaa mama, Soon-ja, anapanda kando ya kijito mbegu za minari alizotoka nazo Korea. (Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi huyo, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2021.) Moto unapoteketeza ghala la mboga za kuuza, minari inabaki. Bibi alikwisha sema kwamba mboga hiyo huchumwa na yeyote, tajiri kwa maskini.

Sisemi mfanyakazi asitafute shamba. Nasema asiende peke yake. Kwanza amsikilize mwenzake wa nyumbani, ahakikishe maji, kisha aungane na wakulima wenzake wapange bei kwa sauti moja mbele ya mnunuzi. Umoja tuliojifunza kiwandani tusiuache getini siku ya kuondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa.