Ualimu wa Ng'ambo na Deni la HELB: Majibu kwa Wanaowashauri Vijana wa Lamu

Kijana wa Faza au wa Langoni anayemaliza shahada ya ualimu hurudi nyumbani na cheti mkononi na deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, shingoni. Kazi ya TSC, tume inayoajiri walimu, haiji upesi. Walimu vibarua walioajiriwa katika sekondari msingi kuanzia mwaka 2023 walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wa shule za msingi 15,000, na wako wengi ambao hata hizo hawakuziona. Basi ushauri humiminika, pale Mkunguni mbele ya ngome, ndani ya mashua ya Mokowe, kwenye simu: nenda ng'ambo ukasomeshe Kiingereza, miezi michache tu deni umelimaliza.

Safari hiyo naiunga mkono, tena kwa moyo wote. Ninayoyakataa ni maneno yanayofuatana nayo, kwa sababu vijana wanayaamini, wanakopa ili wayafuate, na mzigo huwaangukia wao na wazee waliowadhamini.

"Mwenye Kiingereza kizuri hakosi darasa." Dai hili ndilo linalopoteza watu wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo. Nchi nyingi hutazama pasipoti kabla ya kuuliza unajua nini. Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza, ile ya E-2, kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China hufuata orodha inayokaribiana na hiyo. Kenya haimo. Haijalishi kwamba Mkenya amesomeshwa masomo karibu yote kwa Kiingereza tangu utotoni, wala kwamba Katiba ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. England nayo ilipowafungulia mlango walimu wa nchi nyingine mwezi Februari 2023 ili waombe kutambuliwa kuwa wamehitimu, ilizitaja Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong na Ukraine. Sisi tuliachwa nje.

Ni dhuluma, na sioni haya kuiita hivyo. Lakini kulalamika hakumpi mtu viza. Anayemwambia kijana wetu anunue cheti cha kufundisha Kiingereza, TEFL, cha saa 120 kwa matumaini ya Seoul anamtupia fedha zake baharini.

Milango iliyo wazi kweli ni ile inayomtaka mwalimu aliyesomea ualimu. Shule za binafsi za Falme za Kiarabu na jirani zake humwajiri Mkenya mwenye shahada ya elimu, nambari ya TSC, na mara nyingi miaka miwili ya darasani. Dubai na Abu Dhabi kila moja ina mamlaka yake ya elimu inayoidhinisha walimu, na mamlaka hizo husoma cheti cha shahada kabla ya kusikiliza matamshi. Thailand huwapokea wasiozaliwa na Kiingereza, ila wawe na shahada na alama za mtihani kama TOEIC au IELTS. Karibu zaidi iko Rwanda, iliyogeuza lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza mwaka 2008 na kuwaita walimu wa Kenya na Uganda. Mshahara wa Kigali si wa Dubai, ila mtu hufika kwa basi na hahitaji kuuza kiwanja.

Kwa hiyo kijana aliyesomea utalii au biashara, anayesikia kwamba Kiingereza chake peke yake kitamvusha, aambiwe kweli mapema: njia yake ni nyembamba mno. Aliyesomea ualimu aambiwe kwamba ile miaka miwili ya ukibarua pale Mbwajumwali, yenye mshahara mdogo, huenda ikawa ndiyo itakayomwandikia mkataba Sharjah. Asiikatize katikati.

"Tuna jamaa Muscat, watakuingiza." Hapa historia inatudanganya kwa sababu ni ya kweli. Boriti za mikoko zilitoka Lamu zikajenga nyumba za Uarabuni, na watu walikwenda nazo na kurudi. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za aina ya kisasa. Waliorudi huko kutoka Unguja na pwani yetu, wenye Kiingereza na elimu ya kikoloni, walikabidhiwa madarasa na ofisi. Kila ukoo mkubwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, una hadithi ya mtu aliyefika akapata kazi pasi na kuulizwa sana. Hadithi hizo ni za nchi iliyokuwa haina walimu wake. Oman ya leo ina vyuo vikuu, ina walimu wa Kiingereza waliozaliwa humo, na sera ya kuwaajiri wananchi kwanza imekuwapo kwa miongo. Jamaa wa Muscat atakupa kitanda cha wiki ya kwanza na atakupeleka kununua laini ya simu, na hilo si dogo. Kibali cha kazi hutolewa kwa ombi la mwajiri, na shangazi si mwajiri.

"Basi usisafiri, somesha kwa intaneti ukiwa Shela." Wanaosema hivi wanakumbuka soko la kusomesha watoto wa Kichina kwa intaneti. Mwaka 2021 serikali ya China ilipiga marufuku masomo ya ziada yanayotolewa na walimu walioko nje ya nchi hiyo, na soko hilo likaporomoka. Kilichobaki ni wanafunzi wa mmojammoja. Ni chumo la kusaidia, lakini usilipangie deni.

Sasa hesabu. "Mshahara wa Ghuba ni mkubwa, deni litakwisha kwa miezi mitatu." Tuchukue mfano, na kila mtu aweke namba zake. Mwalimu anapewa dirham 5,000 kwa mwezi. Kwa kima cha shilingi 35 kwa dirham, hizo ni shilingi 175,000, na hapo ndipo kichwa huzunguka. Shule isipotoa nyumba, chumba cha kushirikiana kichukue dirham 1,800. Chakula, nauli, simu na mavazi ya kazini vichukue 1,500. Zinabaki 1,700, sawa na shilingi 59,500. Nyumbani Matondoni wanasubiri angalau 20,000, na hakuna mtoto wa Lamu atakayewanyima. Kwa deni zinabaki 39,500. Deni la 250,000 litahitaji miezi saba ya aina hiyo bila ugonjwa wala harusi. Kabla ya miezi hiyo iko mingine ya kulipa tiketi, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema cha polisi, na mihuri ya shahada kutoka Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini. Mwaka mmoja na nusu ni makadirio ya mtu mkweli. Ni muda mzuri, hauna aibu. Anayetajiwa miezi mitatu huanza kujiona ameshindwa mwezi wa nne, na hapo ndipo watu huvunja mikataba.

Ona pia kwamba nyumba ndiyo iliyokata zaidi. Ofa ya dirham 4,000 yenye nyumba na tiketi ya kila mwaka humwachia mtu akiba kubwa kuliko 5,000 tupu, lakini vijana hukimbilia namba kubwa. Jambo la pili ambalo hawaambiwi ni mshahara wa msingi. Sheria ya Falme za Kiarabu humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza. Mkataba wa 5,000 ambao msingi wake ni 2,500 na zilizobaki ni posho humpa dirham 3,500 baada ya miaka miwili. Msingi ukiwa 5,000 nzima, anapata 7,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 120,000, karibu nusu ya deni la mfano wetu, na imelala katika mstari mmoja wa mkataba.

Dirham imefungwa kwenye dola kwa kima kisichobadilika, shilingi yetu haikufungwa. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Dirham ileile iliyolipa shilingi 43 za deni ikaja kulipa 35. Hakuna awezaye kubashiri, na sishauri mtu acheze na sarafu. Nashauri asiahidi nyumbani kiasi cha shilingi kwa kutazama kima cha siku moja.

"Ukishavuka bahari, HELB hawakufikii." Dai hili halina huruma. Sheria humtaka aliyekopa aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe Kizingitini au Doha. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa 250,000 ni shilingi 10,000. Faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, mara sita ya riba. Kwa hiyo kinachomkaba mtu ni kunyamaza. Aliyenyamaza huorodheshwa CRB kuwa mdeni asiyelipa, hukosa cheti cha HELB ambacho waajiri wa serikali hukidai, na fomu ya mkopo ina majina ya wadhamini, aghalabu baba au mjomba, anayebaki kisiwani akitafuta mkopo wa injini ya mashua. Mwandikie HELB kabla ya kuondoka, mkubaliane kiasi, hata kidogo, kilipwe kwa M-Pesa kila mwezi.

Wapo pia wanaodai kwamba deni lililolala miaka mingi limeshakua hata halilipiki. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za HELB zisizidi kiasi cha mkopo wenyewe, na bodi hiyo imewahi kutangaza misamaha ya faini kwa wanaolipa salio kwa mkupuo. Dai taarifa ya akaunti yako na uisome mstari kwa mstari.

"HELB ina riba, na riba ni haramu, basi usilipe." Sitoi fatwa, masheikh wa Msikiti wa Riyadha wapo na waulizwe. Lakini kila aliyehudhuria maziko Amu amesikia jamaa wa marehemu wakisimama kuuliza nani anamdai mtu wetu. Karo iliyolipwa kwa jina lako ni fedha ya watu. Mwenye kuchukia riba ana sababu ya kuharakisha, hana sababu ya kukimbia.

Kuna na wanaovuka mpaka upande wa pili: "Maliza HELB yote kwanza, ndipo ufikirie mengine." Deni la asilimia 4 kwa mwaka si la kutanguliza mbele ya mkopo wa simu, ambao kwa mwezi mmoja hutoza zaidi ya kile HELB inachotoza mwaka mzima. Alipe HELB kiasi walichokubaliana, ammalize wa simu, aweke kando nauli ya kurudi nyumbani. Mwalimu asiye na nauli ya kurudi hana sauti mbele ya mwalimu mkuu mbaya.

Kuhusu wakala anayeomba laki mbili na kukuahidi kwamba utaingia kwa viza ya matembezi "na utabadilisha ukifika", sina maneno mengi. Kufundisha kwa viza ya matembezi ni kinyume cha sheria za Falme za Kiarabu, na mwenye kutiwa mbaroni ni wewe. Mawakala wenye leseni wameorodheshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina lisilokuwamo, liache.

Dai la mwisho hutoka kwa wazee ninaowaheshimu: kwamba mwalimu mzaliwa wa hapa akienda zake anawasaliti watoto wa Lamu. Uchungu wao una msingi. Shule za wadi ya Basuba, kwa Waboni, zilifungwa kwa miaka kwa hofu ya al-Shabaab. Walimu wa bara waliomba uhamisho, na madarasa ya visiwani yalibaki na mapengo. Lakini hao vijana wanaolaumiwa walikuwa wameomba kazi hapahapa. Waliokaa nyumbani wakisubiri TSC iwaite hawakuziba pengo lolote, na deni lao lilizidi kukua kwa shilingi 5,000 kila mwezi. Wazee wetu wana sauti mbele ya mbunge, mbele ya gavana na mbele ya TSC. Wadai kwamba nafasi za Kiwayu, Siyu na Kiangwe zipewe kwanza walimu waliozaliwa humu, kwa ajira ya kudumu, pamoja na marupurupu ya mazingira magumu wanayostahili. Siku nafasi hizo zitakapotangazwa, wengi walioko Sharjah wataomba, tena wakiwa na uzoefu zaidi na bila deni.