SIKIO LILILOLIWA NA KAZI LILIPWE NA KAZI

Ndugu Wanachama,

Twaandika juu ya jambo lisilosemwa sana mkutanoni, kwa kuwa mwenye shida hiyo husikia nusu ya mkutano tu. Jambo lenyewe ni masikio yetu.

Sisi wafanyakazi wa reli wenye nyumba zetu Kosele twafanya kazi mbali, maana reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo haikuvuka kuja kwetu. Tukirudi likizo, watu wa nyumbani ndio hutuonyesha kwamba tumeharibika. Mzee atusalimu sokoni, hatuitikii, naye asema tumepata kiburi cha mjini. Mke arudia neno mara tatu. Mtoto alia nyuma ya nyumba, baba hageuki. Ndugu, hicho si kiburi. Ni injini ya dizeli, honi, breki na nyundo juu ya chuma, mwaka baada ya mwaka.

Kelele hula sikio polepole, bila maumivu. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vya kupokea sauti, navyo vikifa havioti tena. Kwanza hupotea sauti nyembamba, kama za ndege na za watoto, kisha mtu husikia kwamba anasemeshwa lakini hayashiki maneno. Dawa ya kuvirudisha hakuna. Kinachobaki ni mashine ya kusikia.

Sasa, mtu akiambiwa na daktari atafute mashine hiyo, hufanya nini? Huuza ng'ombe, au huitisha harambee. Mwingine huzunguka akitafuta bima ya bei nafuu, na huenda akakuta imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiandikisha haulipiwi. Sisi twasema mtu huyo amebisha mlango usio wake. Sikio lililoharibiwa na kazi ni deni la mwajiri.

Hatusemi hivyo kwa hasira, twasema kwa sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Tena Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na aliyepata ugonjwa kutokana na kazi yake ana haki kama aliyepata ajali. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa fidia kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu wenyewe. Zaidi ya hayo, sheria yataja gharama za matibabu, viungo bandia, magongo na vyombo vingine vya mwenye ulemavu, pamoja na kuvitengeneza na kuvibadilisha. Neno hilo la kutengeneza ni kubwa, maana mashine ya sikio hula betri, huingia maji na jasho, na huchakaa. Anayelipa siku ya kununua tu amelipa nusu.

Kwa nini basi mwenzetu huenda kudai akarudi mikono mitupu? Ni kwa kukosa ushahidi. Ataulizwa kama si uzee, kama si muziki wa vilabuni, kama si kwinini aliyotibiwa zamani. Asipokuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alianza kazi akiwa na masikio mazima, atajibu nini? Kipimo cha kwanza ndicho hati ya deni.

Kwa hiyo twataka chama chetu kidai haya katika mapatano na waajiri:

1. Kila mfanyakazi wa mahali pa kelele apimwe masikio siku anapoandikwa, na kila mwaka baadaye, kwa gharama ya mwajiri, naye apewe nakala mkononi.

2. Vizibo vya masikio vitolewe vinavyomkaa mtu vizuri, na nyapara avivae kwanza.

3. Mashine ya kusikia, betri zake na matengenezo yake viandikwe kwa jina katika mapatano, hata kwa waliostaafu.

4. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Chama kiitake SHA ieleze waziwazi, kwa Kiswahili, mwanachama na jamaa yake watalipiwa nini katika mambo ya masikio, na kwa kiasi gani.

Na asituambie mtu kwamba mashine hizi ni anasa. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwezi Julai 1948, ilizitoa bure kwa raia wake, nayo ilikuwa imetoka vitani juzi tu na chakula kikigawanywa kwa kadi.

Hatumsahau asiye na mwajiri. Mwenye mashine ya posho sokoni ana kelele kama zetu, wala hakuna wa kumlipa fidia. Huyo na aende kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo mfuko wake husaidia watu kupata vyombo vya namna hii. Mtoto asiyeitikia jina lake asipigwe wala asiitwe mjinga. Apelekwe kwenye kituo cha EARC, ambako watoto hupimwa kwa ajili ya masomo.

Ndugu, aliyekwisha kupoteza kusikia na amwone mjumbe wa chama mapema, apeleke habari kwa mwajiri na kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asingoje mwaka upite, maana madai yana muda wake. Na aliye na sikio zima bado, akalipime sasa, karatasi aiweke pamoja na hati ya shamba.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wafanyakazi wa reli wa Kosele