Hiyo Land Rover hujaifufua, umeizika

Naomba leo niwaudhi rafiki zangu wenye pesa kuliko mimi. Nikisema hivyo nimewataja karibu wote, maana mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua.

Kuna fasheni imeingia mjini. Mtu anasikia kuna Land Rover 109 ya miaka ya 1960 huko Mbulu au Sumbawanga, anainunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mzee aliyechoka kuisukuma, anaipakia kwenye lori mpaka gereji ya Dar. Baada ya miezi sita inatoka. Injini ni dizeli ya Toyota. Usukani mwepesi kama wa shangingi. Viti vya ngozi, rimu pana zinazong'aa, taa za LED zimepangwa mstari mzima juu ya kioo, rangi nyeusi isiyong'aa kama masizi ya sufuria. Kisha picha zinapigwa Coco Beach jua likizama, na chini yake maneno: "Nimeirudisha kama ilivyokuwa."

Ilivyokuwa lini, bwana? Mwaka gani Land Rover ilitoka kiwandani Solihull ikiwa na injini ya Toyota?

Naomba nieleweke. Gari ni lako, pesa ni yako, hata ukitaka kulifanya banda la kuku hakuna polisi atakayekukamata. Ninachokataa ni hilo neno "nimeirudisha". Umeivua kila kitu, ukabakiza bodi, ukaweka gari jingine ndani yake. Ni sawa na kumvisha mtu mwingine kanzu ya marehemu kisha ukatangaza mtaani kwamba marehemu amefufuka.

Hebu tukumbushane kidogo hili gari ni kitu gani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Rangi ya kijani ya zile za mwanzo ilitokana na akiba ya rangi ya ndege za kivita. Yaani gari zima lilizaliwa na shida ya wakati wake. Ikaja Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961, Series III mwaka 1971. Kila moja ina alama zake, na anayezijua husoma mwaka wa gari usoni kama unavyosoma umri wa mtu.

Mjomba wangu anayo moja Moshi, Series IIA ya mwaka 1965, aliyoinunua kwenye mnada wa serikali miaka ya 1980. Huu ni mwaka wa pili tunahangaika nayo, yeye kwa pesa za mahindi na mimi kwa vijisenti vya malipo ya safari za kikazi. Taa zake bado ziko katikati, pembeni ya wavu wa mbele, kwa sababu taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Injini ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Giaboksi yake haina huruma: gia ya kwanza na ya pili hazina kile kifaa cha kulainisha uingiaji, kwa hiyo ukirudi chini unakanyaga klachi mara mbili, la sivyo chuma kinapiga kelele mpaka jirani anatoka nje. Kuna mkono wenye kirungu cha njano wa kuunganisha matairi ya mbele na mwingine mwekundu wa kushuka gia za nguvu. Hata umeme wake ni wa kizamani, nyaya ya chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Fundi asiyejua hilo anachoma vitu siku ya kwanza.

Tulipoanza, kila mtu alitupa ushauri wa bure. Tupa injini hiyo. Tupa giaboksi. Nunua milango mipya. Fundi bodi mmoja kijana akataka kukwangua milango yote mpaka chini siku hiyo hiyo apige rangi. Mjomba akamwambia ngoja. Tukaanza kuondoa rangi taratibu, kwa mkono, tabaka kwa tabaka. Chini ya bluu kulikuwa na kijivu, chini ya kijivu kijani, na juu ya kile kijani zikatokea herufi nyeupe zilizofifia za idara ya serikali, zilizoandikwa kwa brashi na mtu mwenye mkono mzuri.

Sasa niambieni, herufi hizo utazinunua duka gani la spea?

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kwa Mwingereza, Land Rover kuukuu ni kumbukumbu ya shamba la babu yake. Kwetu ni gari lililokuja kijijini na bwana shamba, na sanduku la chanjo, na sanduku la kura, na mshahara wa walimu. Wala si sifa tupu. Ni gari lililombeba bwana DC enzi za mkoloni, na baada ya Uhuru likaendelea kubeba wakubwa na amri zao, mpaka zile siku za Operesheni Vijiji watu walipoambiwa wahame. Kuna wazee mpaka leo wakisikia mlio wake hawajui washangilie au wakimbie. Yote hayo, mazuri na machungu, yamo kwenye makunyanzi ya lile bati. Ukilinyoosha likawa kama kioo, umefuta ushahidi.

Nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert utaona magari ya viongozi wa nchi yametunzwa. Vizuri sana. Lakini gari la bwana shamba liko wapi? Liko mikononi mwetu, raia wa kawaida, na sisi ndio tunaolikata kwa gesi.

Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha kubwa la Land Rover, lengo likiwa kuipiku rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Ila tulikuwa tunahesabu idadi. Hakuna aliyeuliza ngapi kati ya hizo bado ni zenyewe.

Na hao wenye gari lao wanafanyaje? Mwaka 2018 kampuni yenyewe ya Land Rover ilitangaza kwamba imepatikana moja ya zile zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, imeoza kwenye bustani ya mtu maili chache tu kutoka Solihull. Kampuni ina kila mashine. Ingeweza kuifanya ing'ae kuliko siku iliyozaliwa. Ikasema itaacha alama za uzee wake, pamoja na rangi ya awali. Nyingine, yenye namba ya chesisi 860001, ilikaa miaka mingi imetelekezwa shambani Northumberland. Ilipofufuliwa, vipande vya mwanzo vilitengenezwa na kurudishwa mahali pake, uzee wake ukaachwa uonekane. Wao wanatunza makovu, sisi tunaona aibu nayo.

Najua mtakachosema. Kwanza, petroli. Kweli, hiyo injini inakunywa kama ina arusi. Lakini nyie mnaoipeleka Coco Beach Jumapili na kuirudisha nyumbani, petroli ipi hiyo mnayoililia? Viti vyenu vya ngozi vina bei gani?

Pili, usalama. Hapa nakubali nusu. Breki za ngoma na gari lisilo na mikanda si jambo la kuchezea kwenye barabara ya Chalinze. Basi funga mikanda, weka mipira mipya ya breki, weka matairi mazuri. Kitu kinachofungwa kwa bolti na kinachoweza kufunguliwa kesho hakiharibu chochote. Kukata chesisi ili injini ya kigeni iingie, hiyo hairudi.

Tatu, spea hazipatikani. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu ni uvivu umevaa koti la hoja. Fundi wetu ni mzee aliyepita miaka sabini. Ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva ulikuwa umeliwa na kutu kwenye pembe zote mbili. Hakuutupa. Alikata penye kutu tu, akakunja bati kwa nyundo, akachomelea, ukipitisha kidole husikii kiungo. Chesisi za magari haya ni mabati yaliyochomelewa yakawa boksi, yanaoza kutoka ndani, na yeye anajua pa kugonga na nyundo asikilize. Ujuzi huo haupo kwenye kitabu chochote cha VETA nilichowahi kukiona. Kila mara mnapotupa injini na kuagiza nyingine, mnamwambia mzee yule kwamba hana kazi, na kijana anayemshikia spana hana cha kurithi. Gerezani na Unga Limited wamejaa watu wa aina hiyo, na hawatakuwepo milele.

Sina ugomvi na dereva wa Maralal kule Kenya, anayebeba abiria na magunia kwenye njia ambayo gari jingine halipiti. Yule akiweka injini yoyote iliyopo ili watoto wale, Mungu ambariki. Gari lake liko kazini, na yeye hamdanganyi mtu kwamba amelirudisha kama lilivyokuwa. Mimi nagombana na mwenye nafasi ya kuchagua, anayeharibu kwa hiari kisha anataka sifa za kuhifadhi.

Kama kweli unataka kufufua, mambo ni machache. Piga picha kila kitu kabla hujafungua bolti ya kwanza. Tengeneza kabla ya kubadilisha. Kilichotoka usikiuze chuma chakavu, kiweke stoo na uandike kilitoka wapi. Ulichoongeza kiweze kuondoka bila kuacha jeraha. Na ukishindwa, muuzie mwenye subira.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Injini ya Toyota utaipata kila kona ya Ilala. Mlango wenye jina la idara iliyokwishakufa, ulioandikwa kwa brashi mwaka 1965, uko mmoja tu. Ya Mjomba bado haijawaka. Lakini ikiwaka itakuwa ni yenyewe imewaka, na mlango wake tumeuacha na herufi zake.