Mshiriki wa Utafiti Asikilizwe Lini?

Aprili 2011, jaribio la FEM-PrEP lililokuwa likiendeshwa Bondo, magharibi mwa Kenya, na katika vituo vya Afrika Kusini na Tanzania, lilisimamishwa kabla ya muda wake. Wanawake 2,120 walikuwa wameandikishwa kumeza kidonge kimoja kila siku. Nusu walipewa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la kwanza waliambukizwa 33, na katika kundi la pili 35. Kwa hesabu hiyo, dawa haikuwa na kazi yoyote.

Kisha damu ikapimwa. Wanawake 95 katika kila 100 walikuwa wamewaambia watafiti kwamba walimeza vidonge kila siku, au karibu kila siku. Hata vidonge vilivyorudishwa kliniki, vilipohesabiwa, vililingana kwa kiasi kikubwa na maelezo yao. Lakini kati ya waliopewa dawa, walioonekana kuwa nayo mwilini hawakufika asilimia 40. Mwezi baada ya mwezi mshiriki alifika, akajibu maswali yale yale, akapokea vidonge vipya akaenda zake, na vidonge vingi havikumezwa.

Miezi mitatu baadaye yakatoka matokeo ya Partners PrEP, jaribio la Kenya na Uganda lililohusisha jozi 4,758 za wapenzi ambao mmoja wao anaishi na VVU na mwenzake hana. Kidonge kile kile kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Waliomeza huku walijua wanajikinga dhidi ya nini, na aghalabu mwenzi alikuwa ndani ya nyumba, akiona na kukumbusha. Wengi wa wanawake wa FEM-PrEP walijiona hawamo hatarini, au wamo kidogo tu.

Walipohojiwa baadaye, walieleza mambo ambayo hayahitaji darubini. Waliogopa madhara ya dawa. Waliogopa maneno ya watu, kwa kuwa anayeonekana na vidonge vya aina hiyo huhesabiwa kuwa tayari ni mgonjwa. Na hawakusema ukweli kliniki kwa sababu walidhani wangetolewa kwenye utafiti au kukalishwa kwa ushauri usiokwisha. Si kwamba watafiti hawakuzungumza na jamii. Walizungumza, na mikutano ilifanyika. Ila mshiriki anayeamini kwamba ukweli utamfukuzisha hana nafasi ya kuwa mkweli, hata akikaribishwa vipi. Fedha nyingi, na jitihada za wanawake zaidi ya 2,000, zilitumika kujifunza jambo ambalo kundi la wanawake wa Bondo lingeweza kulisema siku ya kwanza, kama tu lingekaa mezani wakati itifaki inaandikwa, tena likiwa na uhakika kwamba litakalosema linaweza kubadilisha kitu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa suala hili. Kushirikisha wagonjwa na wananchi katika utafiti wa tiba huchukuliwa kama adabu ya kubisha hodi: mkutano chini ya mwembe, hotuba ya chifu, soda, kisha fomu za ridhaa. Lakini ushirikishwaji ni sehemu ya sayansi yenyewe. Ukikosekana, takwimu zinaharibika.

Mwanza, Tanzania, walijaribu njia nyingine. Kabla ya jaribio la jeli ya PRO 2000, lililolenga kuwakinga wanawake dhidi ya VVU, watafiti walijenga mfumo wa uwakilishi miongoni mwa wahudumu wa baa, mama lishe, wauza pombe za kienyeji na wafanyakazi wa nyumba za wageni. Wanawake walichagua wenzao, na hao wakapeleka hoja za kata hadi ngazi ya jiji. Vilivyoibuka vikaoni havikuwa vya kupendeza: uvumi kwamba damu inaibwa, hofu ya kile chombo cha kupanulia uke wakati wa uchunguzi, manung'uniko kwamba majibu ya vipimo hayatolewi. Yote yaliibuka mapema, yakazungumzwa wakati jaribio kubwa likiandaliwa. Wawakilishi walihusishwa hata katika mjadala wa huduma ambazo washiriki walistahili kupata.

Uvumi wa damu unastahili kutazamwa kwa karibu, maana Afrika Mashariki, pwani na bara, ina historia ndefu ya hadithi za mumiani, na wataalamu hupenda kuuweka kwenye kapu la ujinga. Mtu anatolewa mililita 10 za damu, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Anaona kichupa kikibandikwa namba badala ya jina lake, kikiingizwa kwenye kisanduku cha barafu, gari likiondoka. Wiki inapita, mwezi unapita, haambiwi kilichoonekana. Akijiuliza damu yake imekwenda wapi na nani anafaidika nayo, ameuliza swali la msingi la maadili ya utafiti. Jibu la kumtuliza halitoshi. Anastahili maelezo, na majibu ya vipimo vyake pale vinapokuwa na maana kwa afya yake.

Jeli yenyewe haikufua dafu. Katika jaribio lililohusisha wanawake 9,385 wa Tanzania, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, haikuzuia maambukizi. Ushirikishwaji haugeuzi dawa dhaifu kuwa dawa bora.

Kilifi, pwani ya Kenya, inaonyesha ugumu wa upande mwingine. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza wamefanya utafiti pale tangu 1989, kwa sehemu kubwa ndani ya hospitali ile ile ambako mzazi humpeleka mtoto mwenye homa. Mapema miaka ya 2000 watafiti wa kituo hicho hicho walichunguza jinsi wazazi wanavyoelewa ridhaa, wakakuta wengi hawatofautishi utafiti na matibabu ya kawaida. Ikaundwa mitandao ya wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini. Ni hatua ya kweli, na ukweli kwamba kituo kilijichunguza chenyewe na kutangaza udhaifu huo unastahili heshima. Hata hivyo mwakilishi anayeitwa na kituo, kufundishwa na kituo na kurudishiwa nauli na kituo hujikuta njia panda. Jirani zake humwona mtu wa KEMRI. Naye pole pole huanza kuutetea utafiti badala ya kuuhoji, bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Dawa ya hali hii ni kuziweka fedha za wawakilishi mikononi mwa chombo kingine, kaunti kwa mfano, na kuandika hadharani hoja zao zipi zilikubaliwa na zipi zilikataliwa, na kwa nini.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Wanataja Kambodia. Mwaka 2004, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walidai bima ya afya ya muda mrefu kabla ya kukubali jaribio la tenofovir, dawa ambayo baadaye ilithibitika kukinga. Agosti mwaka huo serikali ikalipiga marufuku jaribio zima. Je, sauti ya jamii haikuchelewesha kinga? Huenda ilichelewesha. Lakini madai yenyewe yalikuwa ya haki: mtu mwenye afya anaombwa kumeza dawa kwa ajili ya wengine, naye anauliza nani atamtibu akidhurika. Swali hilo likijibiwa kwenye bajeti, jaribio linaendelea. Likisubiri hadi liwe bango la maandamano, linaishia mikononi mwa waziri mkuu. Baada ya Kambodia, na Kamerun ambako jaribio kama hilo nalo lilisimamishwa, UNAIDS na AVAC, shirika la kutetea kinga ya VVU, walitoa mwongozo wa ushirikishwaji mwaka 2007. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, katika marekebisho ya Oktoba 2024, nalo linataka washiriki na jamii zao wahusishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Neno «baada» ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2024 jaribio la PURPOSE 1, Uganda na Afrika Kusini, lilionyesha kwamba sindano ya lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, iliwakinga wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa, bila hata mmoja kuambukizwa. Makundi ya jamii yalikaa na watafiti tangu maandalizi, na wasichana wa miaka 16 na 17 pamoja na wajawazito, ambao kwa desturi huachwa nje, wakajumuishwa. Katika jaribio hilo hilo wengi wa waliopewa vidonge vya kila siku hawakuvimeza ipasavyo, kama ilivyokuwa Bondo. Sindano inayochomwa kliniki haimlazimu msichana kuficha kopo chini ya godoro.

Oktoba 2024 kampuni ya Gilead ilitoa leseni kwa viwanda sita kutengeneza toleo la bei nafuu la dawa hiyo kwa nchi 120, na Uganda imo. Brazil, Argentina, Mexico na Peru hazimo, ingawa wananchi wa nchi hizo walijitolea katika PURPOSE 2, jaribio la pili la dawa hiyo hiyo. Wawakilishi wa jamii walisikilizwa kuhusu nani aandikishwe na vipi. Orodha ya nchi zitakazouziwa kwa bei nafuu iliamuliwa na kampuni.