iPad Pro ya M4: Mashine ni Noma, Lakini Hii Doh Inaenda Wapi?

Wasee wa teki hawakulala baada ya tarehe 7 Mei 2024. Siku hiyo ndio Apple walizindua iPad Pro mpya yenye chipu ya M4, na baada ya hapo kila ukifungua YouTube ilikuwa msee amekunja uso akikuambia hii ndio tableti kali zaidi duniani. Nimeishika kwa duka moja ya tao, si kwa siku mbili, ni dakika kama ishirini hivi kabla ya muuzaji kuanza kunikohoa. Zilitosha kuona mambo mawili.

La kwanza, hiyo kitu ni nyembamba hadi inatisha. Ile kubwa ya inchi 13 ina unene wa milimita 5.1. Apple wenyewe walisema ni nyembamba kuliko iPod nano, na ndio kifaa chembamba zaidi walikuwa wamewahi kuunda. Uzito ni gramu 579, ukiishika kwa mkono mmoja unaanza kuwaza utaikalia lini kwa mathree.

La pili ni skrini. Manze, skrini! Wamepanga tabaka mbili za OLED moja juu ya nyingine, ndio mwangaza ufike niti 1,000 kwa skrini nzima na 1,600 kwa zile sehemu zinazong'aa za video ya HDR. Kwa lugha ya mtaa: nyeusi ni nyeusi ya kweli, si ile kijivu ya kudanganyana. Kama unaedit video ama unachora, utaona tofauti kabla hujaambiwa.

Sasa tuongee ngori.

Marekani mwaka 2024 ile ya inchi 11 ilianza dola 999, ya inchi 13 dola 1,299. Piga na shilingi 130 kwa dola, ile kubwa ilikuwa karibu ngiri 169. Hapo hujaweka kalamu, ambayo ilikuwa dola 129, wala kibodi ya dola 349. Ukijumlisha vyote ilikuwa dola 1,777, kama ngiri 231, na hiyo ilikuwa bei ya huko, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kenya hatuna duka la Apple wenyewe, kwa hivyo kila mtu katikati anakula kidogo. Na usisahau wakati huo Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa Bungeni, na ndani kulikuwa na ushuru mpya wa mazingira kwa vifaa vya elektroniki. Mkate waliutaka, tableti wangeiacha?

Kitu ingine hawaipigii kelele: kama una ile kalamu ya zamani, Apple Pencil 2, haishiki hapa. Kibodi ya zamani pia haiingiani. Yaani hata yule amekuwa mteja mwaminifu miaka yote anaanza upya. Hiyo mimi naiita wizi wa kistaarabu.

Halafu kuna ile tangazo yao. Mashine kubwa inashuka polepole inaponda piano, ala za muziki, rangi, lenzi za kamera, kisha ikiinuka kumebaki iPad pekee. Walidhani wameweza. Wasanii wakawaka, hata mwigizaji Hugh Grant akawachapa kule X. Mkuu wao wa matangazo, Tor Myhren, ikabidi aombe msamaha na mpango wa kuipeleka kwa TV ukafa. Kuchoma picha ni hiyo. Unauzia wasanii kitu huku ukiponda vifaa vyao vya kazi mbele ya macho yao, ulitarajia wapige makofi?

Lakini shida kubwa haikuwa tangazo, wala hata bei. Ilikuwa programu. Wakati wa uzinduzi hii chipu ya M4 ilikuwa mpya hadi kompyuta za Mac zenyewe zilikuwa bado hazijaipata, na wakaiweka kwa mashine ambayo ilijibeba kama simu kubwa. Wakati huo, ukiwa unatoa video kwa Final Cut halafu uruke programu ingine ujibu mteja, kazi ilikuwa inakatika. Kutoka ya kwanza ya 2010 mpaka Mei 2024, iPad haikuwa na kalkuleta yake. Kalkuleta! Ile kitu iko hata kwa kabambe.

Kwa msee wa Nairobi anayekula kwa kompyuta, yule wa kuedit harusi Jumamosi na kuandika kazi za watu usiku, hapa ndio pa kufikiria. MacBook Air ya M3 mwaka 2024 ilianza dola 1,099, kibodi iko ndani, na unaweza fungua vitu kumi bila kuombwa ruhusa. Mchoraji ni stori tofauti, yeye kalamu ni mkono wake, na sijaona kitu inashinda hii kwa hiyo kazi. Lakini hata yeye kulikuwa na iPad Air ya M2, ilizinduliwa siku ileile, ilianza dola 599 na inakubali kalamu ileile mpya.

Naona watu wameanza kuulizia hii Pro kwa lipa mdogo mdogo. Mteja akilipa kwa wakati, sawa. Lakini wateja wa huku tunawajua, "nitatuma Ijumaa" inageuka miezi miwili, na mkopo hausubiri Ijumaa ya mtu.

Apple walikuwa na mkutano wao wa programu tarehe 10 Juni 2024. Hapo ndio tulingoja kujua kama hii injini imepata gari. Kama mkono unakuwasha sana, kuna iPad Pro za M1 za 2021 zinazouzwa na mabuda wanaohamia mpya. Kagua betri kwanza, na uhakikishe mwenyewe ametoa akaunti yake mbele yako kabla hujatuma M-Pesa.