Mila si Paa la Kuigwa



Hivi karibuni nilialikwa katika kikao cha kupanga nyumba ya utamaduni katika mji wa pwani ninakoishi tangu nistaafu ualimu. Mezani palitandazwa mchoro wa ngoma kubwa ya zege, yenye vioo visivyofunguka na viyoyozi kila chumba. Nilipouliza upepo wa kusi utapitia wapi, nilijibiwa kwamba ngoma ndiyo alama yetu, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nikanyamaza. Leo nasema nililopaswa kulisema siku ile.

Jibu langu linatoka mbali, Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Wenyeji wa huko, Wakanaki, walikuwa na kiongozi aliyeitwa Jean-Marie Tjibaou. Mwaka 1975 aliongoza maandalizi ya tamasha la Melanesia 2000, ili utamaduni wa watu wake, uliokuwa umedharauliwa kwa muda mrefu, uonekane hadharani. Baada ya umwagaji damu wa miaka ya 1980 alitia saini mapatano ya Matignon mwaka 1988. Tarehe 4 Mei 1989 aliuawa na Mkanaki mwenzake aliyeyapinga mapatano hayo. Kituo cha utamaduni chenye jina lake kilifunguliwa Mei 1998 katika rasi ya Tina, jijini Nouméa, kati ya bahari na wangwa.

Msanifu wake ni Mwitalia, Renzo Piano. Michoro yake ya mwanzo ilikaribiana mno na msonge wa Wakanaki: mbavu ndefu za mbao zilipinda na kukutana kileleni. Baadaye umbo hilo lilipimwa kwa upepo, na mbavu zikaachwa wazi juu, zisikutane tena. Leo zimesimama nyumba 10 katika vijiji 3, iliyo ndefu kuliko zote ikifikia mita 28. Mtazamaji huona kama misonge ambayo mafundi wangali wanaisuka. Hapo ndipo penye somo: mfano wa msonge ulipungua, roho yake ikabaki.

Kila nyumba ina ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na hewa hupita katikati. Papi za mbao hupokea upepo wa baharini. Upepo ukiwa mwanana vipenyo hufunguliwa, ukivuma kwa nguvu hufungwa, na hewa ya moto hupanda na kutoka juu. Nje kuna njia inayosimulia kwa mimea habari za Téa Kanaké, mhenga wa kwanza, tangu kuzaliwa hadi kufa na kuzaliwa upya. Viazi vikuu na magimbi vimo katika masimulizi hayo. Kwa hiyo bustani nayo ni utenzi, na mgeni huusoma kwa miguu.

Tena mbao za mbavu zile ni za iroko, mti wa Afrika ambao sisi twauita mvule. Ulichaguliwa kwa kuwa haushindwi upesi na mchwa wala unyevu. Basi mti wetu umevuka bahari kwenda kusimamisha heshima ya watu wengine, ilhali sisi tunataka kuimimina heshima yetu ndani ya zege!

Wapo waliolaumu. Walisema fedha ni za Ufaransa, mtawala yule yule, na mchoraji ni mgeni. Lawama hiyo ina uzito, na jengo zuri haliwezi kulipa deni la ukoloni. Hata hivyo, Tjibaou mwenyewe alishikilia kwamba utambulisho wa watu wake uko mbele yao, si nyuma tu. Nyumba isiyofungwa kileleni yaafiki fikra hiyo kuliko nakala kamili ya msonge wa kale.

Nina sababu ya kulisema hili kwenu, washairi. Darasani niliwahi kulikata kwa wino mwekundu shairi la mwanafunzi kwa kuwa mizani yake ilipungua ubeti wa mwisho. Lilihusu baba aliyekwenda kuvua asirudi, na mshororo ule ulikatika pale pale pumzi ya msemaji ilipokatika. Nilihesabu silabi, sikusikia pumzi. Sikwambii uitupe mizani, kwa maana mbavu zisiposimama hapana nyumba. Nasema mizani ni mbavu, na mbavu zipo ili pumzi ipite.

Mwacha mila ni mtumwa, kweli. Lakini mila ya ngoma si umbo lake la duara. Mila yake ni ngozi iliyowambwa, mkono unaoipiga na watu waliokusanyika wakaitikia. Mababu zetu wa pwani walijenga baraza, wakaelekeza milango wakijua kusi na kaskazi. Hiyo ndiyo mila ya kuiga: kuusikiliza upepo kwanza, kisha kuchora.

Kikao kijacho kikiitishwa nitakwenda, na nitauliza swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Nanyi mlio katika vikao kama hivyo, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.